Zamu ya Tangi

Nilikuta mchanga umerundikwa uani kwangu, karibu na ukuta wa nyumba, na kando yake lundo la kokoto. Nilikuwa nimetoka Nairobi kwa basi la asubuhi, nimeshukia Migwani, nimekwea kilima kwa miguu huku jua likinichoma kisogo, na nilichotaka ni chai na kuvua viatu tu. Nikasimama nikautazama mchanga ule. Kwetu vitu hivyo haviletwi nyumbani kwa mtu bila sababu. Huletwa kwa kujenga, au huletwa kwa kusakafia kaburi, na mimi sikuwa na mpango wa kujenga mwaka ule.

Binti yangu alitoka jikoni akitabasamu. Alikuwa amemaliza shule, anangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na kwa sababu baba yake alifanya kazi Mombasa na kuja mwisho wa mwezi, yeye ndiye aliyeshika nyumba kila nilipokwenda kliniki. Aliniambia kwamba akina mama wa mwethya wamekutana jana yake, wakaamua tangi la kwanza lijengwe kwetu. Alidhani ananipa habari njema.

Mwethya ni ule umoja wetu sisi Wakamba wa kufanyiana kazi kwa zamu: leo tuko shambani kwako, wiki ijayo tuko kwangu, na mwenye nyumba hupika. Mwethya wetu ulikuwa wa wanawake, na mwaka ule tulikuwa tumekubaliana kujengeana matangi ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Mchanga tungeuchota mtoni, kokoto tungezivunja wenyewe kwa nyundo, na mwashi tulikuwa naye mmoja tu. Kazi hiyo haifanyiki msimu wa kulima wala wa kuvuna, kwa hiyo kila mwaka tungemaliza matangi matatu, tukijikaza sana manne. Zamu tulizipigia kura. Vikaratasi vilitiwa kwenye kibuyu, kila mama akaingiza mkono, na mimi nikatoka na cha mwisho kabisa. Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini njiani nilipiga hesabu kichwani, na nafikiri kila mmoja wao alipiga hesabu hiyohiyo. Nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu nikatwe titi la kushoto.

Kwa hiyo niliuelewa ule mchanga. Walikuwa wameamua kwamba mimi sitafika zamu yangu, na kwa wema wao wakanisogeza mbele.

Hawakujua kwamba wamechagua siku mbaya. Asubuhi iliyotangulia daktari alikuwa amepitisha vidole juu ya kovu langu kama kawaida yake, akaenda kwapani, kisha akarudi juu ya kovu na kubonyeza tena palepale. Akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu mwenyewe mahali pale. Kulikuwa na kitu kidogo kigumu, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Alisema inaweza kuwa kitu, inaweza isiwe kitu, na kwamba nirudi baada ya mwezi mmoja achukue kipande kwa sindano. Nilimwuliza yeye mwenyewe anadhani nini. Akasema yeye hadhani, yeye hupima.

Nililibeba hilo kutoka Nairobi mpaka Migwani bila kulisema kwa mtu. Halafu nikakuta mchanga.

Sikunywa chai. Niligeuka na viatu vyangu vya safari nikateremka kwenda kwa mwenyekiti wa mwethya.

Kabla sijafika kwake, acha niseme jinsi nilivyokuwa nikiishi, kwa sababu watu hudhani kipindi kigumu ni kile cha kukatwa. Kukatwa kuna mwisho. Unalala, unaamka, kuna bandeji, wanaitoa. Hata ile mionzi, ambayo ilinichoma ngozi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni, ilikuwa na siku yake ya mwisho. Shida ilianza waliponiambia niende nyumbani. Kila mtu aliniuliza, "Umepona?" na mimi sikuwa na jibu, maana daktari hakuwahi kutumia neno hilo. Yeye alisema, "Hatuoni kitu." Nilikaa na maneno hayo nikiyageuzageuza. Hawaoni kwa sababu hakipo, au hawaoni kwa sababu hakijatoka?

Kanisani walitaka nitoe ushuhuda. Nilisimama mbele nikasema nimetibiwa, namshukuru Mungu. Mchungaji akanisaidia kwa sauti kubwa: umepona! Nikarudia kwamba nimetibiwa. Akarudia kwamba nimepona. Tukaenda hivyo mara kadhaa mbele ya waumini, mpaka mtu wa kwaya akaona heri aanzishe wimbo. Mpaka leo wapo wanaosema nilimkosea imani Mungu siku ile. Mungu mwenyewe hajanilalamikia.

Tena kulikuwa na mkono wangu. Mkono wa kulia haukuweza kutulia. Nikiwa kwenye cherehani, maana mimi ni fundi wa kushona sare za shule pale sokoni, mguu ulikuwa ukikanyaga na mkono unapanda wenyewe kifuani kutafuta. Nikipika, natafuta. Nikiomba, natafuta. Nilijibonyeza mpaka ngozi ikauma, kisha nikaogopa yale maumivu niliyojitengenezea mwenyewe.

Aliyenikomesha ni mama yangu. Baada ya mionzi nilikwenda kupumzika kwake, upande wa Makueni nilikozaliwa, kwenye vilima ambako nyumba zimeshikilia mteremko. Aliniona kwa siku mbili tatu, kisha jioni moja tukimenya mbaazi akaniuliza kama nakumbuka mashimo ya mtoni.

Nilikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya sitini kulikuwa na kiangazi ambacho wazee wa kwetu bado hukitaja kwa kutikisa kichwa. Mto wetu ukabaki mchanga mtupu. Mama alikuwa akinichukua alfajiri, msichana mdogo, tunashuka na kibuyu na bakuli la bati. Anachagua mahali, anachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu, mpaka anaingia ndani mwili mzima na mimi naona mgongo wake tu. Kisha anatoka na kukaa kando. Maji, kama yapo, huja yenyewe polepole kutoka ubavuni mwa shimo. Mimi sikuwa na subira. Nilikuwa nikienda ukingoni kuchungulia kila mara, na kila nilipochungulia nilikuwa nikiangusha mchanga ndani. Mama alinichapa kwa hilo mara moja, na haikuwa tabia yake kuchapa.

"Ulikuwa unafukia maji kwa macho yako," aliniambia jioni ile ya mbaazi. "Sasa unafanya hivyo tena. Chagua siku yako ya kuangalia. Siku hiyo angalia vizuri. Siku zingine, kaa kando ya shimo na ufanye kazi."

Nikachagua. Kila mwezi, Jumapili ya kwanza, kabla ya kanisa, nilifunga mlango, nikainua mkono wa kushoto kadiri ulivyokubali kuinuka, nikajikagua taratibu kutoka shingoni mpaka ubavuni. Siku nyingine mkono ukipanda nilikuwa nikiuambia, kwa sauti kabisa, "Siyo leo." Wateja walinizoea. Walidhani nasema na kitambaa.

Haikuwa huzuni tupu, nisije nikadanganya. Nguo zangu zilianza kukaa upande, na fundi hawezi kuvaa nguo iliyokaa upande. Nani atamletea kazi? Nilijaribu pamba, ikawa nyepesi mno, inapanda mpaka shingoni. Basi nikashona kifuko cha kitambaa cha bitana, nikakijaza ndengu, nikipima kwa kiganja mpaka kikalingana uzito na mwenzake. Kilikaa vizuri ajabu. Nilijiona mjanja. Kisha ikaja mvua ya Novemba, ikanikuta shambani, nikalowa mpaka ndani. Nyumbani nilikitundika kifuko kwenye msumari nyuma ya mlango, nikavaa cha akiba, nikakisahau. Baada ya siku chache binti yangu aliniita kwa sauti ya ajabu. Ndengu zilikuwa zimeota. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoboa mshono wangu na kutokeza pande zote. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nilicheka mpaka kovu likauma. Mchungaji angepata hapo mahubiri ya mwezi mzima. Mimi niliwamwagia kuku, nikashona kifuko kingine, nikakijaza mtama niliokuwa nimeukaanga kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa: mwanamke mwenye Jumapili yake ya kujikagua na mtama uliokaangwa. Nilikuwa nimejipanga. Kisha punje ile chini ya ngozi, ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona, na mchanga ule uani.

Mwenyekiti wetu alikuwa jirani yangu na tuliolewa mwaka mmoja, kwa hiyo hatukuwa na adabu nyingi baina yetu. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Aliponiona usoni aliweka ungo chini.

"Mwaitu, kaa kwanza," alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye aliniita hivyo alipotaka kunituliza. "Chukua kiti tuongee pole pole."

"Sikai. Niambie nani alisema nianze mimi."

"Ni mimi. Namba ya kwanza ilikuwa yangu, sindio? Si nimekupea. Wengine walikubali tu."

Hilo sikulitegemea. Nilidhani wamepanga upya foleni nzima. Kumbe alikuwa ametoa zamu yake mwenyewe, yeye ambaye mgongo wake ulikuwa umeshaanza kupinda kwa kubeba maji, apokee ya kwangu, ya mwisho. Hasira yangu ilikosa mahali pa kusimama, lakini haikuondoka.

"Umenipea kwa nini?"

Alitazama maharagwe yake. "Ndio ukunywe hayo maji," akasema. "Ukunywe ukiwa bado uko."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hivyo. Wengine wote walikuwa wakinisifu nimenenepa.

"Na zamu yangu ikifika nikiwa bado niko?" nilimwuliza. "Mtafanya nini? Mtaniuliza mbona sijaenda?"

Machozi yalikuwa yamemjaa, na mimi sikutaka kuyaona kwa sababu yangu yalikuwa karibu. Nikamwambia nina namba yangu, niliichomoa kwa mkono wangu kwenye kibuyu, na sitaki namba ya mtu. Nikamwambia ule mchanga utarudi kwake, na kama hakuna wa kuubeba nitaubeba mimi. Kisha nikaondoka kabla sijaharibika.

Kesho yake asubuhi nilianza. Daktari alikuwa amenikataza kunyanyua vitu vizito kwa mkono wa kushoto, mkono uliovimba kila jioni tangu waondoe zile tezi za kwapani. Lakini mukwa, kamba yetu ya ngozi, hupita juu ya kichwa, na mzigo hulala mgongoni. Unachohitaji ni shingo. Nilijaza gunia nusu, binti yangu akanisaidia kulifunga na kuninyanyulia huku amenuna, nikainama nikateremka. Niliporudi kwa safari ya pili, nilikuta wanawake wanne wako uani kwangu wanajaza magunia yao. Hakuna aliyewaita. Kufikia saa nne tulikuwa wengi, tukishuka na kupanda kwa mstari, na mmoja wao, mwenye sauti, akaanzisha wimbo wa kazi akiingiza maneno yake mwenyewe juu ya mwanamke fulani mwenye kichwa kigumu kuliko kokoto. Wote wakaitikia. Na mimi niliitikia.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimejaa ushindi, na binti yangu akanishusha.

Tulikuwa tukiteka maji kwenye mashimo ya mtoni, mwendo mrefu, na tangu nikatwe ilikuwa kazi yake. Jioni ile alishusha mtungi mlangoni, akafuta jasho, akasema bila kupandisha sauti, "Mama, mambo yako na wenzako nimeyasikia. Ni mazuri. Lakini hayo maji ni mimi nabeba."

Ilikuwa kweli. Tangi lile lingempumzisha yeye kabla yangu, na mimi nilikuwa nimelirudisha gunia kwa gunia. Nilitamani kumwambia habari ya punje, nimwonyeshe kwamba siku ile nilihitaji kukataa jambo, jambo lolote, lakini angelala macho. Nilimwambia tu kwamba kuanzia kesho tutakwenda pamoja. Tukaenda. Yeye na mtungi mkubwa, mimi na mdogo kwa mukwa, asubuhi na jioni. Njiani tulizungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza ndani ya nyumba. Hakuwahi kunilaumu tena, ila hakuwahi kuniambia kwamba nilifanya sawa.

Kisha mgongo ukaanza kuuma.

Asiyejua maisha haya ataona ni jambo dogo. Mwanamke aliyebeba mchanga na maji akiumwa mgongo, kuna la ajabu gani? Lakini mimi nilikuwa nimekaa kliniki na wanawake wengine, kwenye lile benchi refu, na nilijua kwamba ugonjwa ule ukirudi hupenda mifupa. Kwa hiyo kila uchungu wangu ulikuwa na maelezo mawili. Nikikohoa, ni vumbi au ni mapafu. Kichwa kikigonga, ni jua au ni ubongo. Na safari hii maelezo yote mawili yalikuwa na ushahidi: nilikuwa nimebeba mchanga kweli, na punje ilikuwa pale kweli.

Sikungoja mwezi uishe. Nilipanda basi nikarudi Nairobi kabla ya siku yangu, nikakaa kwenye benchi mpaka daktari akanikubali. Alinichoma sindano kwenye punje, akavuta alichovuta, akakipaka kwenye kioo. Nilipomwambia habari ya mgongo alinitazama.

"Ulifanya kazi gani, mama?"

"Nilibeba mchanga."

"Mchanga wa nini?"

Nikamweleza yote, tangi, kura na kibuyu. Alisikiliza ameshika kalamu.

"Sasa unataka nikuambie nini?" aliuliza.

"Nataka kujua mgongo unauma kwa mchanga au kwa ugonjwa."

"Basi acha mchanga, tujue," alisema. "Rudi baada ya wiki tatu. Ukiuma bado, tutapiga picha ya mifupa. Majibu ya sindano pia yatakuwa tayari."

Hapo ndipo nilipokwama. Tangi la mwenyekiti lilikuwa linaanza kujengwa wiki ileile. Katika mwethya huwezi kukaa nyumbani bila sababu. Asiyekuja hutozwa, na vibaya zaidi, husemwa. Na mimi, baada ya maneno yote yale, ningekosekana siku ya kwanza? Nilijua lazima nimwambie mwenyekiti, na kumwambia lilikuwa jambo zito kuliko magunia yote niliyobeba. Nilikuwa nimemfokea kwa kunihesabu miongoni mwa wanaokwenda. Sasa nilikuwa nakwenda kumpa sababu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, akiwaonyesha wanawake mahali pa kuchimba msingi. Nikamvuta kando, nikasema yote mara moja, punje, sindano, mgongo. Nilitazama mdomo wake. Nilikuwa nimejiandaa: kama angesema pole, au kama angetaja tena zamu yake, ningegeuka nikaenda zangu, na sijui urafiki wetu ungeishia wapi.

Alijifunga leso upya kiunoni.

"Haya," akasema. "Basi wewe utapika. Na usichelewe, hawa wanakula kama punda."

Sijawahi kupewa amri iliyonifurahisha namna ile. Wiki zile tatu nilipika isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa ya kanisa, nikakoroga uji kwa mkono wa kulia, nikawafokea waliokuja na mikono yenye simiti. Nilitazama tangi likipanda, waya, kisha simiti, kisha waya. Usiku nilikuwa nikiogopa. Sitaki mtu asome hapa adhani nilikuwa jasiri saa zote. Lakini asubuhi kulikuwa na watu wa kulishwa, na mwenyekiti alikuwa akichungulia sufuria na kulalamika chumvi.

Siku ya majibu mgongo ulikuwa umekwisha kunyamaza. Daktari alisoma karatasi yake, akasema ile punje ni kovu tu, nyama iliyojikunja na kukauka baada ya mionzi. Haikuwa ugonjwa. Nilikuwa nimetarajia nitalia au nitaimba, na badala yake nikasikia njaa.

"Kwa hiyo nimepona?" nilimwuliza. Nilitaka kumjaribu.

"Kwa sasa hatuoni kitu."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Mpaka urudi," akasema, na akaniandikia siku.

Nilitoka nje nikanunua viazi vya kukaanga, nikavila vyote nimesimama kando ya lango. Nilielewa siku ile kwamba sitapewa neno ninalolitaka, si na huyu wala na mwingine. Nitapewa siku ya kurudi. Basi nikaamua kwamba siku ya kurudi inatosha kuwekea sufuria motoni.

Matangi yaliendelea, moja baada ya jingine. Mwaka mmoja mvua ilikosa na hatukujenga hata moja. Tulilima matuta kwa chakula cha msaada. Binti yangu alipata chuo, akaondoka, na mimi nikawa nateka maji mwenyewe, mitungi midogo, safari nyingi. Kliniki ikawa kila baada ya miezi sita, kisha mara moja kwa mwaka. Jumapili ya kwanza ikabaki Jumapili ya kwanza. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye afya kuliko sisi sote, yule mwenye sauti aliyetunga wimbo wa kichwa kigumu. Namba yake ilikuwa mbili tu kabla ya yangu. Malaria ilimkamata kiangazi, na haikumpa hata wiki. Tulilijenga tangi lake kwa ajili ya watoto wake, na siku ile hakuna aliyeimba. Nilisuka waya nikifikiri kwamba yeye hakuna aliyewahi kumpa zamu mapema.

Langu lilikuja wakati kule kwetu Makueni kumeshakuwa wilaya ya peke yake, na binti yangu ni mwalimu mwenye mtoto mgongoni. Alikuja kutoka shule yake kupika. Aliwafokea wanawake kama nilivyowafokea mimi. Mvua ilipokuja tuliyamwaga maji ya kwanza, maana yanaosha vumbi la mabati, kisha tukafungulia bomba lijaze. Yalikuwa na ladha ya simiti. Nilikunywa kikombe kizima, nikampa binti yangu kikombe, akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Haya sasa." Nilijua ananijibu la jioni ile ya mtungi.

Zamu ikiisha mwethya huamua, ama unavunjwa, ama unaanza upya. Tulikutana uani kwangu, tukikalia mawe yaliyobaki. Mwashi alikuwa amekusanya vifaa vyake. Tukakubaliana kuanza raundi nyingine: kila nyumba ijengewe jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi, tuache kuuvuta. Mwenyekiti, mgongo wake sasa umepinda kweli, akaleta kibuyu kilekile na vikaratasi vipya. Wiki iliyofuata nilikuwa na kliniki, na wote walijua.

Tuliingiza mikono mmoja mmoja. Nilipofungua karatasi yangu niliona namba, nikaitazama tena, kisha nikaiinua juu ili kila mtu aione. Ilikuwa ya mwisho.

Mwenyekiti alifungua mdomo. Nikamtazama, naye akanitazama kwa muda, akaufunga. Kisha akachukua kibuyu, akakigeuza kuona kama kimebaki kitu ndani, akakiweka chini.

"Haya," akasema. "Nani ako na namba moja? Kesho tunaenda kubeba mchanga kwake."